Landrova, lori la 6x6, deraya au kifaru: udereva upi wa kijeshi unakufaa?

Swali hili huja kwa sura nyingi. Kijana aliye JKT (Jeshi la Kujenga Taifa la Tanzania) anataka kujua ajielekeze kwenye fani ipi ya udereva akibahatika kuandikishwa jeshini. Dereva wa semi aliyezoea foleni ya Barabara ya Mandela kutoka Bandarini, Dar, anajiuliza kama kifaru si lori tu lililovishwa minyororo. Mwingine ana ndugu Uingereza, ambako raia hulipia muda mfupi wa kuendesha magari ya kivita yaliyostaafu, naye anataka kujua pesa yake aielekeze kwenye mashine ipi. Majibu wanayopewa vijiweni hufanana: chukua kifaru, ndiyo mashine ya wanaume. Jibu hilo halijamsaidia mtu.

Hapa tunalinganisha mashine nne ambazo namna zake za kuendeshwa zinajulikana vizuri. Ya kwanza ni Land Rover Defender 110 ya kijeshi yenye dizeli ya lita 2.5 (300Tdi). Ya pili ni Ural-4320, lori la Kirusi linalovuta kwa matairi yote sita. Ya tatu ni BTR-60PB, deraya (gari la kivita la kubebea askari) ya magurudumu manane. Ya nne ni kifaru cha familia ya T-54 na T-55, pamoja na ndugu yake wa Kichina Type 59. Ni familia iliyokuwa uwanjani katika Vita vya Kagera vya 1978–1979. Ni mashine za zamani, lakini anayezielewa hapotei akikutana na mpya, maana mpya zimeficha tu kazi ambayo hizi zinamwachia dereva aifanye kwa mikono yake.

Vigezo

Tunazipima kwa mambo sita: unavyokaa na unavyoona, zinavyokata kona, gia na breki, zinavyokwenda kwenye mchanga, tope na maji, kazi inayokungoja ukishazima injini, na ujuzi unaobaki nao ukirudi uraiani. Nguvu ya injini hatukuifanya kigezo, kwa sababu inadanganya. T-54 ina farasi 520, lakini ina tani 36, kwa hiyo kila tani inavutwa na farasi kama 14. Ural yenye farasi 210, ikijaa mzigo, haiko mbali na hapo. BTR-60PB ina farasi 180 kwa tani 10 na kidogo. Landrova yenye farasi 111 tu inaziacha zote, kwa vile yenyewe ni nyepesi.

Kigezo cha tano ndicho tunachokipa uzito kuliko vyote. Dereva wa kijeshi hutumia muda mwingi chini ya gari, juu ya gari na kando ya gari kuliko nyuma ya usukani. Ukiichukia kazi hiyo, mngurumo utakuchosha mapema.

Unavyokaa na unavyoona

Kwenye Landrova unakaa kama kwenye gari lolote, isipokuwa kiti hakirudi nyuma vya kutosha na kiwiko cha mkono wa kulia kinagonga mlango. Ndiyo maana wenye nazo huendesha dirisha likiwa wazi hata mvua ikinyesha. Fidia yake ni kwamba unaziona pembe zote mbili za boneti, na unajua tairi la mbele liko wapi bila kubahatisha.

Ural inakuweka juu, nyuma ya boneti ndefu. Unaona mbali, lakini mtu aliyesimama karibu na bampa humwoni. Usukani uko kushoto. Kwa barabara zetu hilo lina maana kwamba dereva anakaa upande wa mtaro: ni raha ukipishana na gari pembeni mwa korongo, ni shida ukitaka kuovateki. Bila msaidizi wa kukuchungulia upande wa kulia, kaa nyuma ya lori la mbele yako uvumilie.

Kwenye BTR-60PB dereva yuko mbele kushoto na kamanda wake kulia. Injini ziko nyuma kabisa, kwa hiyo mlango mkubwa wa nyuma haupo. Dereva anaingia na kutokea kwa tundu la juu. Wakati wa amani unatazama kupitia vioo viwili vya mbele. Vifuniko vya chuma vikishushwa unabaki na periskopu, yaani vioo vya kuchungulia nje kupitia paa, na upana wa dunia unapungua ghafla.

Kifaru ndicho kinachowashangaza wengi. Dereva anaingia kwa tundu la juu, mbele kushoto, na kiti chake kina kimo cha aina mbili. Kikiwa juu, kichwa kinabaki nje: unaona vizuri, unakula vumbi. Kikiwa chini na mfuniko umefungwa, unatazama kupitia periskopu mbili, na mita kadhaa za ardhi zilizo mbele ya pua ya kifaru huzioni kabisa. Jiwe, shimo au mtu aliyelala hapo unajulishwa na kamanda kwa kipaza sauti cha kwenye kofia, au hujulishwi. Kulia kwako, pale ambapo kwenye gari la kawaida angekaa abiria, kuna matangi ya mafuta na risasi za mzinga. Joto la Februari la Dar, likikutana na chuma kilichoshinda juani na kisicho na kiyoyozi, linamlazimu dereva abebe maji ya kutosha kabla hata ya kufikiria dizeli.

Kuna hatari moja inayopaswa kujulikana na kila anayegusa T-54. Mzinga ukizunguka, sehemu yake inapita juu ya tundu la dereva. Mfuniko ukiwa wazi, swichi ya usalama hukata umeme wa kuzungushia kichwa cha kifaru, yaani mnara unaobeba mzinga. Swichi hiyo ikiharibika, au mtu akizungusha kwa mkono, kichwa cha dereva kiko njiani. Kwa hiyo kabla ya kutoa kichwa nje, sema na kamanda na usubiri akujibu.

Kukata kona

Landrova na Ural zina usukani wa kawaida, na dereva wa lori anazizoea siku hiyohiyo. La kuangalia kwenye Landrova ni loki ya difu ya katikati, inayolazimisha propela shafti ya mbele na ya nyuma zizunguke kwa kasi moja: ukiifunga kwenye lami kavu kisha ukakata kona, propela shafti zinajikaza, usukani unakuwa mzito na kitu kinaweza kukatika. Liva fupi ya kubadilishia gia kubwa na ndogo ndiyo pia inayofunga loki: isukume kushoto uingiapo matopeni, irudishe kulia kabla ya kugusa lami. Taa ya loki ikichelewa kuzima, rudi nyuma mita chache gari lijilegeze. Ural nayo inavuta matairi yote muda wote na ina loki yake ya difu ya katikati. Kanuni ni hiyohiyo.

BTR ina magurudumu manane, na manne ya mbele ndiyo yanayopinda. Usukani una msaada wa haidroliki, hivyo mikono haichoki, lakini gari lina urefu wa zaidi ya mita saba na linahitaji uwanja mpana kugeuka. Mtaa wa Kariakoo ambao kifaru kingejizungusha juu ya mnyororo mmoja, BTR ingeenda mbele na nyuma mara kadhaa huku kamanda akipiga kelele.

Kifaru hakina usukani. Kuna mikono miwili ya chuma, mmoja kila upande wa dereva, na kila mmoja una nafasi tatu. Ukiwa umeusukuma mbele kabisa, mnyororo wa upande huo unakwenda kwa kasi ya kawaida. Ukiuvuta hadi nafasi ya kwanza, gia ya pembeni inaupunguzia kasi mnyororo huo na kifaru kinapinda taratibu, kwa duara pana. Ukiuvuta hadi nafasi ya pili, mnyororo unafungwa kwa breki na kifaru kinazunguka juu yake. Hakuna kupinda robo au nusu kwa kadiri upendavyo. Kwa hiyo barabara yenye kona ndefu inaendeshwa kwa vipande: vuta, achia, vuta, achia. Mgeni huvuta polepole kwa woga, mkono ukabaki katikati ya nafasi mbili, na hapo vibao vya klachi vinateleza na kuungua. Vuta kwa uamuzi hadi mwisho wa nafasi yake, au usivute.

Kila kona inakula nguvu. Ongeza dizeli kabla ya kuvuta mkono, la sivyo injini inazama na kifaru kinakufia katikati ya kona. Na kona kali hukatwa ukiwa mwendo mdogo, kwenye gia ya chini. Mnyororo ukifungwa ghafla kwa kasi kubwa, tani 36 zinaendelea na safari yake kwa ubavu.

Wenye ujuzi hutumia mikono hiyo kwa jambo jingine. Ukikutana na mwinuko mfupi unaotaka gia ya chini, vuta mikono yote miwili hadi nafasi ya kwanza kwa pamoja. Gia za pembeni zinaongeza nguvu ya mvuto kwa karibu mara moja na nusu, unapanda, kisha unairudisha mbele bila kugusa klachi. Mwendo unapungua kwa kiasi hichohicho, lakini kifaru hakisimami katikati ya mwinuko.

Kwenye T-34, babu wa hivi, mambo yalikuwa magumu zaidi. Mkono ulikata nguvu ya upande mmoja kwanza, kisha ndipo ukabana breki. Ukiteremka mlima na kuvuta nusu tu, mnyororo ulioachiwa ulikimbia kuliko mwenzake na kifaru kikapinda upande usioutaka. Upande wa pili wa historia, Leopard 2 ya Ujerumani ina usukani na gia za kujibadilisha, na Abrams ya Marekani inaendeshwa kwa mpini wenye kipini cha kuzungusha kama cha pikipiki huku dereva akiwa amelala chali nusu. Anayesema vifaru vyote ni kazi ya misuli hajakaa kwenye hivyo.

Gia na breki

Landrova: gia tano za mbele, na sanduku la pili lenye gia kubwa na gia ndogo, hiyo ndogo ikiwa ya kuzidisha nguvu. Kosa la kawaida la wageni ni kuteremka mlima mkali kwa breki badala ya gia ndogo ya kwanza na miguu yote sakafuni.

Ural ina gia tano na sanduku la pili lenye kasi mbili. Breki zake huanzia kwenye upepo na kumalizikia kwenye mafuta, kwa hiyo magonjwa ya pande zote mbili ni yake. Usiondoke kabla geji ya upepo haijafika kiwango kilichowekwa. Baada ya kuvuka maji, kanyaga breki kidogo kidogo ukiwa mwendo wa polepole mpaka zikauke. Ukisubiri hadi utakapozihitaji, umechelewa.

BTR-60PB ndiyo yenye maajabu hapa. Ina injini mbili za petroli, kila moja farasi 90, na kila moja ina klachi yake na giaboksi yake. Moja inaendesha ekseli ya kwanza na ya tatu, nyingine ya pili na ya nne. Dereva ana pedali moja ya klachi na liva moja ya gia. Kazi ya kuzioanisha ni ya vyuma virefu vinavyokwenda hadi nyuma. Vyuma hivyo vikilegea, giaboksi moja inaingia na nyingine inasaga. Unasikia mlio nyuma kushoto au kulia, na hiyo ndiyo njia ya kujua ipi imepotea. Faida yake ni kwamba injini moja ikifa, nyingine inakurudisha nyumbani taratibu.

Kifaru cha T-54 kina gia tano za mbele na moja ya nyuma. Kuanza safari hutumika gia ya pili. Ya kwanza ni ya mahali pagumu. Gia za chini zinataka klachi mara mbili: kanyaga, toa gia, achia, pandisha au shusha mzunguko wa injini, kanyaga tena, ingiza. Klachi yenyewe inataka mguu wote kuanzia kwenye nyonga, na kifundo cha mguu peke yake hakitoshi. Kasi ya juu ni kama kilomita 50 kwa saa. Kusimama kuna pedali, na ukivuta mikono yote miwili hadi nafasi ya pili unabana minyororo yote. Kwenye udongo kinasimama haraka kuliko watu wanavyodhani. Kwenye lami yenye maji, minyororo ya chuma tupu ni kama sabuni.

Mchanga, tope na maji

Mchanga wa pwani ya Kigamboni na tope la bonde la Msimbazi pale Jangwani ni mitihani miwili tofauti. Mchanga unataka eneo kubwa la kukanyaga na mwendo usiokatika. Tope linataka tairi au mnyororo ufike chini kwenye kigumu.

Ural na BTR zina silaha moja isiyo na mpinzani hapa: dereva anapunguza na kuongeza upepo wa matairi akiwa ndani. Ural kwenye lami inakaa karibu 3.2 kwa kipimo cha kilo kwa sentimita ya mraba. Kwenye mchanga hushushwa hadi karibu 1, na kwenye tope zito hadi 0.5, kwa mwendo usiozidi kilomita 10 kwa saa. Wengi wanashusha upepo wakiwa tayari wamezama. Ushushe kabla ya kuingia. Na kosa kubwa kuliko hilo ni kurudi lamini bila kuongeza: tairi laini likikimbizwa linapata joto, kuta zake zinapasuka ndani, na siku linapolipuka analaumiwa Mchina aliyelitengeneza. Risasi au msumari ukitoboa tairi la BTR, kompresa inaendelea kujaza na gari linaendelea kwenda. Lakini mabomba na sili za upepo kwenye hubu huvuja kadiri zinavyozeeka. Asubuhi ukikuta gari limeinama upande mmoja, anzia hapo.

Landrova haina hilo. Unashuka, unapunguza upepo tairi kwa tairi kwa kijiti, na unahitaji pampu ya kurudishia. Wepesi wake ndio unaoiokoa.

Kifaru kinakanyaga kilo kama 0.8 kwa kila sentimita ya mraba. Kwa hiyo kinapita tope ambalo lori lililojaa lingezama. Hakizami mapema, lakini kikizama hakuna trekta ya jirani itakayokitoa. Kinavuka mtaro wa mita 2.7 na ukuta wa sentimita 80. Ukuta hupandwa polepole. Pua ikianza kuinama upande wa pili, punguza dizeli ili kianguke taratibu, vinginevyo wafanyakazi wako wanaacha meno kwenye chuma.

Kwenye maji, Ural huvuka kina cha mita 1.5 na T-54 mita 1.4 bila maandalizi makubwa. Landrova ni nusu mita tu, na 300Tdi ina vitundu viwili chini, kimoja kwenye kava la mkanda wa taimingi na kingine kwenye nyumba ya klachi, vinavyozibwa kwa plagi kabla ya kuingia majini. Ukishavuka, zitoe. Zikibaki, oili inayovuja inajikusanya ndani na kuharibu mkanda au klachi. BTR inaogelea yenyewe, kilomita 10 kwa saa kwa pampu ya maji ya nyuma, lakini kabla ya hapo dereva anahakikisha kwa mkono wake kwamba kila plagi ya sakafuni imefungwa, anainua ubao wa kuzuia wimbi mbele na kuwasha pampu za kutolea maji. Plagi moja iliyosahaulika inatosha kuizamisha.

Ukishazima injini

Landrova: grisi kwenye krosi za propela shafti, oili za difu mbili na sanduku la gia ndogo, sili za hubu, na kuangalia kama oili ya difu imegeuka rangi ya chai ya maziwa, dalili kwamba maji yameingia. Ni kazi ya nusu saa. Spea zake fundi wa mtaa wa Gerezani, Dar, anazijua kwa kuzipapasa.

Ural: mwaga maji kwenye matangi ya upepo kila siku, maana unyevu wa Dar hujaza matangi haraka na kula vali. Kagua nati za magurudumu, mabomba ya upepo, mafuta ya breki, chujio la dizeli. Tairi lake ni zito kiasi kwamba mtu mmoja asiye na jeki nzuri na mbinu anajiumiza mgongo.

BTR: zidisha kila kitu kwa mbili. Injini mbili, redieta mbili, kabureta mbili, giaboksi mbili, kisha ongeza pampu ya kuogelea. Injini zimebanana nyuma, na joto ndiyo shida yake ya kudumu. Fundi mwenye mikono mikubwa ataichukia.

Kifaru kinaanza kudai kabla ya kuwashwa. Unawasha swichi kuu ya betri, unaendesha pampu ya umeme ya oili mpaka geji ipande kilo mbili au tatu, ndipo unapiga stata. Ukiruka hatua hiyo, shafti kubwa ya injini hiyo ya V12 (silinda kumi na mbili) inazunguka bila oili, na maisha ya injini yanakatwa kidogo kila asubuhi. Stata ikigoma kuna mitungi ya hewa iliyoshindiliwa inayoweza kuzungusha injini. Kisha subiri joto lipande hadi kama nyuzi 55 kabla ya kuondoka.

Ukisharudi, kazi ndiyo inaanza. Vumbi ndilo muuaji mkubwa wa injini hizi. Kaseti za chujio la hewa hutolewa, huoshwa kwa dizeli na kuchovywa oili upya, na mahali penye vumbi kali hilo haliahirishwi. Halafu minyororo. Kila mmoja una viungo kama 90 na uzito unaozidi tani moja. Pini zinazoviunganisha zina kichwa upande wa ndani tu. Unazunguka kifaru kizima ukitazama kama kuna inayotokeza, kiungo chenye ufa, au tope lililokauka kwenye gurudumu la meno la nyuma. Mnyororo uliolegea unaruka ukikata kona kwenye mteremko wa ubavu. Uliokazwa mno unakula pini na beringi. Unakazwa kwa kusogeza gurudumu la mbele kwa mpini, na kwenye mchanga huachwa umelegea kidogo kuliko kwenye udongo mgumu, kwa sababu mchanga ukijishindilia ndani unaukaza wenyewe.

Mnyororo ukiruka, watu wanne wanafanya kazi kwa nyundo, mtaimbo na waya, na saa zinakwenda. Hapo ndipo mtu anajijua kama alipenda kifaru au alipenda picha yake.

Sharti moja linazihusu zote nne. Ukiongozwa kuegesha au kurudi nyuma, mwongozaji anasimama mahali unapomwona muda wote, mbali na gari, na kamwe si kati ya gari na ukuta. Ukimpoteza machoni, simama hapohapo.

Uraiani

Ural ndiyo inayolipa moja kwa moja. Malori makubwa uraiani yanataka leseni daraja E, na aliyezoea breki za upepo, mzigo na msafara akipitia kozi kwenye vyuo kama NIT Mabibo au VETA hana mengi mapya ya kujifunza. Landrova inakupeleka kwa watalii, kwenye miradi ya vijijini na mashirika. Dereva wa kifaru hapati kazi ya kifaru mtaani, lakini buldoza za zamani hukatwa kona kwa liva za klachi na breki, na anayejua kwa nini mnyororo unaruka anathaminiwa machimboni. BTR ndiyo yenye soko dogo, isipokuwa kwa fundi wa upepo na giaboksi.

Kifaru hata kusafirishwa ni mzigo wa wenye malori. Sheria ya mizani ya Afrika Mashariki ina kikomo cha tani 56 kwa gari la ekseli 7. Weka tani 36 juu ya trela na hedi yake, na hapo kwenye mizani ya Vigwaza una nafasi ndogo sana ya kubabaika. Upana wake nao ni mita 3.27.

Kulingana na hali yako

Kama uko JKT na lengo ni kurudi uraiani na kazi mkononi, jielekeze kwenye malori. Jeshini hupangiwa, ndiyo, lakini anayeonekana karibu na gari kila jioni akiwa na grisi mikononi hukumbukwa.

Kama unapenda ufundi kuliko safari, na huchoki kufanya kazi na kundi la watu, kifaru kitakutosheleza. Usikiombe kama unaogopa mahali pafinyu, au una magoti mabovu: klachi ile haina huruma.

Kama una utulivu wa kufuata orodha ya ukaguzi bila kuruka mstari, deraya inakufaa. Mtu wa haraka haraka akae mbali nayo, hasa karibu na maji.

Kama unataka mashine ya kumiliki, kwenda nayo Pugu Jumamosi na Kariakoo Jumatatu, Landrova ndiyo pekee hapa inayoingia kwenye maisha ya kawaida. Kabla ya kununua iliyotoka jeshini, angalia kama umeme wake ni volti 24. Ukiwa hivyo, taa, stata na redio vya dukani vya volti 12 havitakufaa.

Kama ni siku moja ya matembezi Uingereza, soma tangazo vizuri. Mashine inayotolewa mara nyingi ni FV432, deraya ya minyororo ya tani kama 15 yenye gia za kujibadilisha. Unapata mikono ya kukatia kona bila mateso ya klachi, na kwa mara ya kwanza hiyo ni heri kuliko kifaru kamili. Uliza utashika mikono kwa dakika ngapi na utakaa abiria kwa ngapi, kama utaendesha kichwa nje, na kama mwalimu ana breki au swichi yake ya kuzimia. Vaa viatu vyenye soli nyembamba. Vyenye soli pana vinakanyaga pedali mbili kwa wakati mmoja.